Bipu Mbili

Simu yangu ikiita, huwa siipokei. Naiangalia mpaka ikate yenyewe, halafu naandika ujumbe: "Mambo, naona umenipigia?" Utadhani ilikuwa inaita kwa jirani.

Najua siko peke yangu. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa miaka ya 90 tuna mambo yetu. Mtu akipiga bila kutuma ujumbe kwanza, tunawaza msiba. Akituma sauti ya dakika nane, tutaisikiliza kesho kutwa. Tukiandika "nipo njiani", ndiyo kwanza tunatafuta taulo. Tunaingizwa kwenye kundi la mchango wa harusi ya mtu tuliyesoma naye darasa la tano, tunaona aibu kutoka, basi tunalinyamazisha mwaka mzima. Na kila wiki kuna tapeli anayetuandikia kama vile jana tulikula naye ugali: ile hela itume kwenye namba hii.

Cha ajabu, sisi ndio tulioililia simu.

Nimekulia Hasamba, wilaya ya Mbozi, enzi hizo tukiwa bado mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe umekuja 2016. Mwaka 2005, nikiwa kidato cha kwanza, baba alirudi kutoka Tunduma na kitochi. Ndani ya nyumba mtandao haukushika. Ulishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilichokuwa katikati ya mibuni yake, na hata pale usigeuke hovyo. Chaji tulilipia dukani kwa mwenye sola. Vocha ya jero ilikwanguliwa taratibu kwa ukucha, watoto wote tumezunguka, maana ukizidisha nguvu unafuta na namba.

Ndiyo maana watu wakajifunza kubipu. Simu ikiita bila kupokelewa salio halikatwi, na kila nyumba ikatunga lugha yake ya bure. Kwetu bipu moja ilikuwa: nimefika salama. Bipu tatu: piga sasa hivi. Bipu mbili ndizo zilizokuwa nzito: lile jambo tulilozungumza nataka kulifanya, kama una neno piga. Ukikaa kimya siku tatu, umekubali.

Ng'ombe aliyenipeleka chuo kikuu mwaka 2011 aliuzwa kwa bipu mbili. Alikuwa wa baba na baba mdogo, na baba mdogo alikuwa Mlowo. Baba alipanda kichuguu, akabipu mara mbili, akangoja siku tatu, akauza. Niliposhuka Ubungo usiku ule na begi langu, nikabipu mara moja. Baadaye mama aliniambia alikuwa amekaa kichuguuni na ile simu tangu magharibi.

Baba alifariki 2018. Krismasi ya mwaka juzi nilikuwa nyumbani, mama akanionyesha mibuni iliyo karibu na nyumba. Imezeeka, alisema, haizai kama zamani, na kuvuna anavuna peke yake. Anataka kuikata apande parachichi kama wenzake. Mibuni ile niliipanda na baba, mimi nikishika miche, yeye akifukia. Nikajibu jibu letu la kizazi: "Tutaongea, mama."

Mwezi wa tatu akabipu. Nilikuwa chumba cha habari, mhariri anadai habari yangu, simu ikaita mara moja ikakata, ikaita tena ikakata. Nikaudhika. Nikajisemea, huyu mama naye, karne hii bado anabipu? Nilikuwa na dakika mia kadhaa za kifurushi ambazo zingekufa mwisho wa mwezi bila kutumika. Nikaandika: "Nipo kwenye kikao, nitakucheki." Mama hasomi ujumbe. Kwake ujumbe ni mambo ya kampuni ya simu.

Nilikuja kumpigia Pasaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuni zimekuwa nyingi mpaka nimegawia majirani."

"Kuni gani?"

"Za mibuni. Si nilikubipu? Nikangoja siku tatu."

Sikusikia lawama yoyote kwenye sauti yake. Alikuwa anaongea kama mtu aliyepewa baraka. Mimi nikasimama pale barazani Dar, nikatafuta cha kusema. Ningemwambia sikukubali? Ningemwambia niliona bipu zake mbili, nikajua ni yeye, nikageuza simu kifudifudi juu ya meza? Nikasema, "Umefanya vizuri, mama."

Na huenda kweli alifanya vizuri. Shamba analilima yeye, mgongo unaouma ni wake. Sina hakika ningepiga ningemwambia nini. Pengine ningeng'ang'ania miti ambayo siipalilii. Kinachoniuma ni kwamba aliniuliza. Aliniuliza kwa lugha ambayo naijua tangu utotoni, na nikamjibu kwa lugha nyingine. Kwangu mimi ukimya ni "baadaye". Ni "sitaki kukwambia hapana". Wakati mwingine hauna maana yoyote, nimechoka tu. Kwake ukimya ni neno la mtu mzima, lina siku tatu zake, na likishasemwa watu wanashika shoka.

Kabla ya kukata aliniambia, "Kichuguu nimekiacha. Nilijua hicho utakiulizia."

Sikuwa nimekiuliza.

Siku hizi akibipu natoka nje nampigia, hata mhariri akinuna. Wengine bado nawaangalia mpaka wakate; sijapona kiasi hicho. Wiki iliyopita simu iliita mara moja ikakata. Nikaacha chakula mezani, nikampigia haraka.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Nilikwenda Vwawa, nimerudi salama."

"Aah, sawa. Nilishtuka."

"Ilikuwa bipu moja," akasema, na nikamsikia anavyokasirika. "Bipu moja hairudishiwi, mwanangu. Unamaliza salio bure."