Tezo ya Baba

Katika mwaka wetu wa kwanza wa malezi, padre mlezi wa kiroho alitupa kazi: kila mmoja aandike historia ya wito wake. Niliimaliza kwa jioni mbili. Niliandika kwamba baba yangu, fundi wa ngalawa pale Bagamoyo, alipokea kwa furaha habari ya mimi kwenda seminari. Padre alisoma, akanirudishia karatasi na kusema, "Frateri, hapa kwa baba umepita mbio."

Baba alikuwa amefariki miezi miwili baada ya mimi kuondoka nyumbani. Sikujibu kitu.

Likizo ilipofika, mama aliniomba nigawe vifaa vya marehemu kwa mafundi wenzake. Tezo na keekee vilikuwa kwenye gunia chini ya kitanda. Nilitaka kubaki na kumbukumbu, na simu haikuwa na chaji, hivyo nikachukua daftari na penseli. Sijui kuchora. Tezo yangu ya kwanza ilifanana na jembe. Nikafuta, nikaitazama upya. Ndipo nikaona mpini una kibonde upande mmoja, mahali dole gumba la baba lilipokaa miaka yote. Nikaweka la kwangu. Likapwaya.

Hapo nikaikumbuka siku ya mwisho. Baba alikuwa anafunga mirengu ya ngalawa, akaniambia, "Ngoja kesho, mwanangu, tumalize hii kwanza." Nikamjibu kwamba basi halinisubiri. Hakuinua kichwa. Huko ndiko kuagana kwetu. Furaha niliyoiandika sikuiona usoni pake, kwa sababu hata uso wenyewe sikungoja kuuona. Niliyaandika hayo chini ya picha, mistari sita tu.

Maneno huturuhusu kuruka tusipopapenda. Penseli inauliza: mpini unaishia wapi? Hapa pameliwa na nini? Ukikaa na kitu kimoja nusu saa, kinakudai ukweli.

Kesho yake nilipeleka daftari langu kwenye misheni yetu kongwe, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, nikachora mnara wa kanisa la zamani. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, umebebwa na Susi, Chuma na wenzao kwa safari ya miezi tisa hivi. Walileta pia madaftari yake. Ndani yake hamna maneno tu. Alichora ramani, hata samaki. Mwaka 1871, karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mmea. Kati ya wabebaji, Jacob Wainwright aliandika shajara ya safari ile. Wengi wa wenzake hawakutuachia hata mstari. Ningependa kuona kata aliyonywea maji mmoja wao, imechorwa kwa mkono wake mwenyewe, hata kama ingekuwa imepinda.

Ndugu msomaji, nawe frateri mwenzangu, huhitaji vifaa vya gharama. Chukua daftari la kawaida. Ukurasa wa kushoto chora kitu kimoja cha nyumbani kwenu: kinu, rozari ya bibi, kiti cha babu. Ukurasa wa kulia andika kile kitu hicho kilichokukumbusha, pamoja na tarehe. Anza na picha. Siri ya mtu mwingine usiiandike. Hiyo si yako.

Tuliporudi seminarini nilimpa padre daftari badala ya karatasi. Alitazama ile tezo kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na ile ngalawa, nani aliimalizia?"

Sikujua. Nimeacha ukurasa wazi. Likizo ijayo nitashuka pwani kuwauliza mafundi, na kama bado haijamalizwa, safari hii nitangoja mpaka kesho.

Mwombeeni baba yangu.