Kilichomo Chunguni na Kinachofika Damuni

Ngokolo, Shinyanga
Juni 2025

Mpendwa Kabula,

Natumaini biashara yako ya chakula hapo machimboni Nyarugusu inakwenda. Baba yako goti linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anajifanya hasikii. Mtama tumeshauvuna, na viazi tunaendelea kuchimba.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza. Ningeweza kukujibu kwa simu, ila maneno ya simu yanaingia sikio hili yanatokea lile. Karatasi utaibandika ukutani, hata ikishika moshi.

Unasema kuna kijana pale Katoro anauza chupa za vidonge vilivyokamuliwa kutoka kwenye mboga na matunda. Anasema chupa moja ni sawa na gunia la mboga, inasafisha mapafu ya wachimbaji na kuondoa zebaki kwenye damu. Umeshaanza kulipa kidogo kidogo, na anakushawishi uwauzie wateja wako upate asilimia. Halafu ukaniuliza swali la maana: kama mboga kweli zina viambata vya kuulinda mwili, na yeye ameviweka kwenye kidonge, ubaya uko wapi?

Nianze na mapafu, maana hapo ndipo uliponitia hofu. Mwaka 1994 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya jaribio la wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000. Ilikuwa imeonekana siku nyingi kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi hawapati sana saratani ya mapafu. Wakadhani siri ni beta-karotini, ile rangi ya karoti na viazi lishe, wakaitia kwenye vidonge. Ikawa kinyume: waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani nako kulikuwa na jaribio la namna hiyo, kwa wavuta sigara na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto. Januari 1996 walilisimamisha kabla ya muda wake, kwa sababu waliopewa vidonge vya beta-karotini na vitamini A walikuwa wakiugua saratani hiyo kwa asilimia 28 zaidi.

Sasa watazame wateja wako. Anayeshinda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, anavuta vumbi la mawe kutwa nzima, jioni anawasha sigara. Sisemi kwamba chupa ya Katoro ina beta-karotini. Nasema wewe hujui imetiwa nini wala kiasi gani, na hukuniambia kama ina usajili wa TMDA au alama ya TBS. Kiazi hakijamfanyia mtu madhara hayo, kwa sababu ndani ya kiazi karotini haiko peke yake, na mwili huichukua pole pole.

Hapo ndipo kwenye somo lenyewe. Kilichomo kwenye chakula si chote kinachoingia mwilini. Wewe wa machimboni huhitaji kufundishwa hilo: jiwe linaweza kuwa na dhahabu na mwenye duara, yaani shimo, akalala njaa, mpaka lisagwe na kuoshwa.

Chukua matembele. Karotini yake imefungiwa ndani ya seli za jani, na vinavyoifungua ni kisu, moto na meno. Ikishatoka haiyeyuki kwenye maji, inataka mafuta. Ikifika kwenye utumbo mwembamba, nyongo huyavunja mafuta yale yakawa matone madogo mno yenye karotini ndani yake, na ukuta wa utumbo ndipo unapoweza kuyapokea. Papo hapo ukutani sehemu yake hugeuzwa kuwa vitamini A, ambayo baadaye huwekwa akiba kwenye ini. Hiyo ndiyo inayomwezesha mtoto kuona jioni, na inayoimarisha utando wa koo, mapafu na tumbo usipitishe maradhi ovyo. Pasipo mafuta, karotini nyingi hupita hadi chooni. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba mikrogramu 12 za beta-karotini iliyo ndani ya chakula hutoa mikrogramu 1 tu ya vitamini A, lakini ikiwa imekwisha yeyuka kwenye mafuta, mikrogramu 2 zinatosha.

Na mafuta yenyewe si mengi. Gramu 3 hadi 5 kwa mlo zinatosha, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji. Bibi yako hakusoma lishe, lakini hukumwona akipika mgagani wala nsansa ya majani makavu bila karanga, na karanga karibu nusu yake ni mafuta. Nimesikia siku hizi unachemsha mchicha kwa chumvi tu kwa sababu karanga zimepanda bei. Afadhali upike kidogo chenye karanga kuliko sufuria nzima ya majani na maji.

Kama huamini, tazama nyanya zako. Zikaange kwenye mafuta ya alizeti kwa moto wa wastani mpaka zipondeke, uendelee kukoroga. Mafuta yatajitenga pembeni, nayo yatakuwa mekundu. Wekundu ule ni laikopini, ndugu yake karotini, imetoka kwenye nyanya ikaingia kwenye mafuta mbele ya macho yako. Nyanya ya namna hiyo huingiza laikopini nyingi zaidi mwilini kuliko nyanya mbichi. Ndipo utie majani, yaive upesi, uepue.

Viazi navyo usichukue vyovyote. Vyeupe vinashibisha, lakini karotini hamna. Tafuta viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Huku Kanda ya Ziwa mradi wa Marando Bora uliwahi kuwagawia wakulima mbegu zake, na Kabode ni mojawapo utakayoisikia ikitajwa. Kazi hiyo si ya mchezo: mwaka 2016 Robert Mwanga, mtafiti wa Uganda, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa viazi hivi na mazao mengine yaliyoongezwa virutubisho. Ukitengeneza michembe au matobolwa ya viazi lishe, usiyaache kutwa juu ya jiwe kwenye jua kali kama tulivyozoea, maana jua na hewa huila karotini. Anika kivulini penye upepo, kisha weka kwenye chombo kinachofungwa, gizani. Nsansa vivyo hivyo. Jani lililokauka likiwa bado la kijani limehifadhi mengi kuliko lililopauka.

Tuje kwenye damu. Nilipokuwa kliniki ya mama na mtoto, hakuna ugonjwa niliouandika mara nyingi zaidi kwenye kadi kuliko upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana tatizo hilo. Malaria ina mkono wake, safura ina wake, na chakula kina wake. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, maharage na nafaka huingia kwa shida zaidi kuliko ya nyama na samaki, lakini yanasaidika. Vitamini C ndiyo msaidizi wake mkubwa. Kamulia ndimu juu ya mboga ikiwa tayari sahanini, kwa maana motoni vitamini hiyo hufa. Pera ni zuri zaidi, na ubuyu uliolowekwa bila kuchemshwa nao unafaa. Dagaa vilevile: ukiwala pamoja na mboga, hukupa madini yao na kusaidia ya mboga yaingie.

Anayeharibu ni chai ya rangi. Ina polifenoli, na polifenoli hizo hizo zinazosifiwa kwa kusaidia moyo na mishipa, zikikutana na madini ya chuma tumboni huyashika yasipite. Kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza chuma kinachoingia kwa zaidi ya nusu. Chai si adui, ila ina saa yake. Mama mjamzito na mtoto wasiinywe na maharage. Mwenye kuipenda angoje saa moja hivi baada ya kula.

Maharage yenyewe yaloweke usiku kucha, maji umwage. Uji wa mtoto upike kwa kimea cha ulezi, au uuchachue kwanza. Kuloweka, kuotesha na kuchachua hupunguza faiteti, kiambata cha kwenye nafaka na mikunde kinachoyafunga madini ya chuma na zinki. Magadi najua yanakuokolea mkaa, mlenda na maharage yanaiva upesi, lakini huua vitamini C na B1. Ukiweza yaache, ukishindwa tia chembe.

Kitunguu saumu kina tabia yake. Kikiwa kizima hakinuki. Ukikiponda, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani yake hukutana, na hapo ndipo kile kikali chenye harufu kinapozaliwa. Ukikitupa kwenye mafuta ya moto papo hapo, joto hukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Kiponde kwanza, kiache dakika 10 hivi wakati unakatakata vitunguu maji, ndipo kiingie jikoni.

Hivi viambata vingine, kama vya vitunguu maji, rosela na ubuyu, mwili huvichukulia kama wageni. Vikishaingia, ini huvibadilisha na figo huvitoa kwenye mkojo, vingi ndani ya siku moja. Visivyopita kwenye utumbo mwembamba huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huvivunja na baadhi yake huingia mwilini kwa mlango huo wa pili. Bakteria wale nao wanataka chakula chao, nacho ni nyuzinyuzi za maharage, mboga na dona. Kwa hiyo sufuria ya mboga ya Jumapili haifidii siku sita za sembe na mchuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na faida yake huonekana kwa miaka, kwenye moyo, presha na sukari. Anayekuahidi matokeo kwa wiki mbili anataka hela yako.

Zebaki sasa. Hapo yule kijana amekudanganya mchana kweupe. Hakuna mboga, maziwa wala kidonge cha mtaani kinachoosha zebaki kwenye damu. Kinga ni kutoivuta. Mtu asichomee dhahabu jikoni kwako, wala asiazime kikaango chako hata kwa dakika tano. Mvuke wake hauna harufu, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, maana ubongo wake ndio unajengeka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mlango wa jiko lako utaulinda mwenyewe. Mboga zilizomwagiliwa maji yanayotoka kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu usizinunue, hata zikiwa na majani mapana namna gani. Mchimbaji anayekohoa zaidi ya wiki mbili usimpe ushauri wa chakula. Mwambie akapimwe kifua kikuu.

Kuna jambo la mtoto wako pia. Hata ukifanya yote niliyoandika, minyoo ya tumboni itakula kabla yake: ile mikubwa huzuia mafuta na vitamini A visiingie vizuri, na safura hunyonya damu. Mwezi huu wa Juni ni mwezi wa afya na lishe ya mtoto, na Desemba utarudi tena. Mpeleke kituoni apate matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Hizo ni bure, na kipimo chake kinajulikana, tofauti na cha kwenye chupa yako.

Sasa shauri langu. Acha kulipa, na kwa wateja chupa hizo usizipeleke kabisa. Hela ya mwezi ujao nunua karanga, ndimu na mapera. Pika dona, dagaa wa nyanya na mgagani wa karanga, weka kipande cha ndimu pembeni ya kila sahani, na birika la chai lipande jikoni saa tisa. Usiwahubirie watu, mwanaume aliyetoka shimoni anataka ladha na shibe, na chakula cha namna hiyo kina vyote viwili.

Kwa basi la Alhamisi nakuletea marando ya viazi lishe, ukwaju na ubuyu. Ubuyu huo umetoka kwenye ngitili ya babu yako, yaani eneo la malisho lililotengwa, iliyorudi kuwa msitu tangu mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kuwahimiza watu wa Shinyanga wairudishie ardhi miti yake. Marando yapande siku hiyo hiyo, nyuma ya jiko panapomwagika maji ya kuoshea mboga, si ya sabuni.

Ukitoka kliniki nijulishe mtoto ana kilo ngapi, na umemjibu nini yule kijana wa Katoro.

Wasalaam,
Shangazi yako