Nyanda za Juu Kusini kwa fedha za makochi

Katika familia zetu nyingi, mke na mume hawasafiri pamoja ila kwa mambo matatu: msiba, harusi au mgonjwa. Safari ya namna hiyo huwa na mwenyeji anayewapokea stendi, na aghalabu mume hulala na wanaume upande mmoja, mke akalala na wanawake upande wa pili. Mnarudi nyumbani mmechoka, rambirambi au zawadi mmekwisha kuitoa, na ninyi wawili hamjazungumza maneno kumi. Sisi tuliishi hivyo kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa.

Kwa hiyo tulipotangaza kwamba mwishoni mwa Juni, watoto wakiwa likizo kwa bibi yao, tutakwenda Iringa na Mbeya, kila mtu alituuliza swali moja: "Mnakwenda kwa nani?" Tulipojibu kuwa hatuendi kwa mtu, mama mmoja wa ukoo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna jambo tunalomficha. Fedha zenyewe zilikuwa zimewekwa kidogo kidogo kwa ajili ya seti ya makochi. Tulihesabu, tukashauriana, tukaona kwamba mkeka na viti vya plastiki vitatustahimilia mwaka mwingine.

Neno utalii likitajwa, wengi wetu hufikiria magari ya wazi, hoteli za mbugani na malipo ya dola. Njia yetu ilikuwa ile ya abiria wa kawaida, basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam. Barabara kuu ya kwenda nyanda za juu hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na kwa nauli ile ile ya basi tuliona twiga, swala na kundi la tembo waliosimama chini ya mti kama wazee wa baraza. Baada ya hapo ni Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu mikubwa na vitunguu vinavyouzwa kando ya barabara, kisha mlima wa Kitonga. Hapo malori hupanda kwa kujikongoja, dereva wa basi naye hana budi kuwa na subira. Ukifika juu, hewa imekwisha kubadilika. Abiria waliozoea njia hiyo walianza kutoa masweta kwenye mikoba; sisi ya kwetu tulikuwa tumeyafungia chini ya basi.

Iringa ni mji uliokaa juu ya mwinuko, Mto Ruaha Mdogo ukipita bondeni. Tulifika hatumjui mtu. Nyumba ya wageni ya kwanza tuliyoingia ilikuwa na baa mbele, na kijana wa mapokezi, bila kuinua macho, akatuuliza: "Mnapumzika au mnalala?" Msomaji mtu mzima atakuwa amelielewa swali hilo. Mmoja wetu alikasirika. Mwenzake alitoka nje akaegemea ukuta na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Tukaenda kuswali. Baada ya sala tukamweleza mwadhini haja yetu, naye akatuelekeza kwa mama mmoja mwenye vyumba sita safi, asiyeuza pombe wala kuiruhusu iingie. Kuanzia hapo hiyo ikawa kanuni yetu katika kila mji: kwanza msikiti, ndipo malazi. Vyumba vya namna hiyo havina ubao mkubwa barabarani, na bei yake hupungua kuliko vile vyenye ubao.

Asubuhi tulipanda hadi Gangilonga, jabali kubwa linaloutazama mji. Kwa Kihehe jina hilo ni jiwe linalozungumza, na wenyeji husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari. Kutoka sokoni ni mwendo wa miguu tu.

Isimila ilituchukua siku nzima, na ilistahili. Iko yapata kilomita 20 kutoka mjini katika barabara ya Mbeya. Tulishuka kwenye daladala, tukamalizia kwa miguu. Hapo, katika korongo lililokauka, mwaka 1951 yaligunduliwa mashoka na vikwaruzo vya mawe, na uchimbaji mkubwa ukafanyika mwaka 1957 na 1958. Wataalamu wamezikadiria zana hizo kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Palipatikana pia mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Hatua chache mbele zimesimama nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na maji ya mvua na upepo, ndefu kuliko minara ya misikiti yetu ya mitaani. Tulikuwa peke yetu na mwongozaji. Surat Al-Ankabut, aya ya 20, inawataka watu watembee katika ardhi na kutazama jinsi uumbaji ulivyoanza. Tumeisikia ikisomwa mara nyingi, lakini ni jambo jingine kuikumbuka ukiwa umesimama katikati ya mawe ambayo mkono wa mtu uliyachonga kabla ya mji wowote duniani kuwapo. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni wa nje. Tuliambiwa kwamba wanaokuja zaidi ni wageni wa nje na wanafunzi.

Kalenga ndiko tulikokosana, kwa adabu. Kijiji hicho kiko kilomita 15 hivi kutoka Iringa, njia ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha, na ndipo palipokuwa makao ya Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe. Agosti 17, 1891, huko Lugalo, wapiganaji wake walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi mwaka 1894 na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akaendelea kupigana msituni hadi Julai 19, 1898, alipojipiga risasi asikamatwe hai. Walimkata kichwa, wakakipeleka kwao. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919 iliitaka Ujerumani ilitoe fuvu hilo, lakini lilirudi mwaka 1954 tu, Gavana Edward Twining alipolileta kutoka makumbusho ya Bremen. Sasa limo katika jumba dogo la makumbusho hapo Kalenga, ndani ya kioo.

Mmoja wetu hakuweza kulitazama zaidi ya mara moja. Alitoka, akakaa chini ya mti, na tulipoungana naye akasema kwamba mtu akifa husitiriwa, na kwamba miaka ile yote ni mingi mno kwa kichwa kukaa mbali na kiwiliwili chake, kilichoko Mlambalasi. Mwenzake akasema kwamba likizikwa leo, kesho atatokea mtu wa kudai kuwa hayo yote hayakutokea, na kwamba lile fuvu ni shahidi anayeendelea kutoa ushahidi wake. Mjadala huo tuliurudia kwenye daladala, tukaurudia kwenye chakula cha usiku, tukiwa na sahani moja ya wali maharage kati yetu. Hatukukubaliana, na bado hatujakubaliana. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kubishana juu ya jambo lisilohusu ada ya shule wala bomba linalovuja.

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni siku ya basi, kwa kupitia Mafinga na Makambako. Mbeya ni mji uliokua kwa sababu ya dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1920 na 1930, nao umezungukwa na milima. Mlima Loleza uko karibu kiasi kwamba unaonekana kama unachungulia madirishani. Kuhusu baridi yake tuseme hivi tu: anayetawadha huko alfajiri ya Juni kwa maji ya bomba hahitaji kuamshwa mara ya pili.

Katika chakula inafaa msafiri Mwislamu awe macho. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida katika migahawa mingi ya huko, na ulanzi, pombe ya mianzi, huuzwa waziwazi mkoani Iringa. Hatukuona sababu ya kulalamika katika nchi ya watu. Tulikula kwa mama lishe Waislamu walio jirani na misikiti, na tulipowakosa tulikula vitu vya shambani, ambavyo huko Rungwe ni karamu tosha: ndizi za kupika, viazi, maparachichi makubwa na maziwa.

Kwenda Rungwe tulipanda Coaster ya Tukuyu pale Uyole. Siku ya kwanza ilikuwa ya Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta ya volkano katika milima ya Poroto, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kijana wa kijijini alituongoza katika msitu mnene, kwenye njia yenye utelezi inayopanda bila huruma. Baibui si vazi la kupandia mlima, lakini likikunjwa vizuri juu ya suruali pana halimzuii mtu. Aliyelivaa ndiye aliyetangulia kufika ukingoni. Chini yetu ziwa lilikuwa kijani kibichi, bila nyumba wala mtumbwi. Kijana akatusimulia habari za nyoka mkubwa anayeishi majini. Tulimsikiliza kwa heshima, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzifupisha na kuzikusanya, juu ya khanga iliyotandikwa kwenye majani.

Kesho yake tulikwenda kwenye Daraja la Mungu, mahali ambapo lava ya kale ilipoa ikawa daraja la jiwe juu ya Mto Kiwira. Maji hupita chini yake kwa kishindo hata mkawa mnazungumza kwa ishara. Tulirudi tumelowa, na msikiti mdogo tulioukuta njiani haukuwa na sehemu ya wanawake. Kabla hatujaamua la kufanya, mke wa imamu alitoka nyumba ya pili, akamshika mkono mmoja wetu, akampa maji ya moto ya kutawadhia na chumba chake mwenyewe cha kuswalia. Alipojua tunatoka Dar es Salaam hakuuliza tunakwenda kwa nani. Aliuliza tumekula nini. Tuliondoka hapo saa mbili baadaye, na mkungu mdogo wa ndizi ambao tulishindwa kuukataa.

Tulirudi kwa treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Kati ya Makambako na Mlimba inateremka milimani kwa madaraja na mahandaki, na sehemu hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya safari. Katika mabehewa ya kulala wanaume huwa na chumba chao na wanawake chao, isipokuwa mkilipia chumba kizima, nasi fedha za makochi hazikufika huko. Tulikutana korido, dirishani, tukizimenya zile ndizi.

Kitulo hatukufika. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, uwanda wa juu ambao watu wa huko huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, na maua hayo huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili. Mwezi wa Desemba shule zimefungwa. Bibi wa watoto amekwisha kutuuliza kama na yeye yumo.