Nani Alipiga Kwanza

Katika Star Wars ya mwaka 1977 kuna tukio la baa. Han Solo, msafirisha magendo, amekaa mezani. Mbele yake yuko Greedo, kiumbe wa kijani aliyekuja kumkamata, bastola mkononi. Wanazungumza. Polepole Han anachomoa bastola yake chini ya meza, Greedo haoni, kisha kishindo, moshi, na Greedo analalia meza. Han anasimama, anamrushia mwenye baa sarafu, anaondoka. Kwa lugha ya kibanda cha video, stelingi kamuwahi adui, kwisha.

Mwaka 1997 George Lucas aliirudisha filamu hiyo kwenye majumba ya sinema ikiwa imefanyiwa marekebisho, na safari hii Greedo ndiye anayepiga kwanza. Anakosa, ingawa kati yao kuna meza tu, halafu Han anajibu. Kwenye DVD za mwaka 2004 wanapiga karibu kwa pamoja. Mwaka 2019, filamu ilipoingia Disney+, Greedo aliongezewa neno moja la lugha yake kabla ya kupiga. Kwa hiyo leo kuna majibu manne kwa swali ambalo mwaka 1977 halikuwa swali.

Wapo wanaosema haya ni mabishano ya watu wasio na kazi. Mimi siyaoni madogo. Mtu anayemmaliza mwenzake chini ya meza bila kusubiri, kisha mwishoni akarudi kuwaokoa watu aliokwisha kuwaacha akiwa na pesa zake, ametoka mbali. Mtu aliyepiga kwa kujitetea tu alikuwa mwema tangu asubuhi, hana alikotoka. Lucas hakutaka shujaa wake aonekane muuaji, na kwa sekunde mbili za marekebisho akamnyang'anya safari yake. Lakini hiyo ni hoja ya ladha, na msanii ana haki ya kuwa na ladha mbaya kwenye kazi yake mwenyewe.

Tena tumtendee haki. Lucas amesema kwa miaka mingi kwamba mwaka 1977 fedha, muda na teknolojia havikumtosha, na kwamba filamu aliyoitaka ndiyo hii aliyoikamilisha baadaye. Ndiyo maana mitaa ya Mos Eisley ikajaa wanyama, na Jabba akapata tukio ambalo halikuwamo. Ndiyo maana pia, katika toleo la 2004 la Return of the Jedi, mzuka wa Anakin uliochezwa na mzee Sebastian Shaw ulipewa sura ya Hayden Christensen. Filamu hiyo ilipotoka mwaka 1983, Christensen alikuwa na umri wa miaka miwili. Sura ilipobadilishwa, Shaw alikuwa amekwishafariki miaka karibu kumi. Hakuwa na wa kumuuliza.

Tatizo langu linaanzia pale toleo la kwanza linapoondolewa dukani. Mwaka 2006 lilitolewa kwenye DVD kama nyongeza, kwa picha iliyoandaliwa mwaka 1993 kwa ajili ya diski za leza, hafifu kiasi kwamba kwenye runinga mpya ilionekana kama adhabu. Baada ya hapo, kimya cha miaka. Na kinachonishangaza ni kwamba mtu huyuhuyu, mwezi Machi 1988, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga matajiri waliokuwa wakizitia rangi filamu za zamani za nyeusi na nyeupe. Aliwaita washenzi wale wanaobadili kazi za sanaa kwa ajili ya faida. Alionya kwamba itafika siku negativu za zamani zitapotea na nafasi yake kuchukuliwa na zilizobadilishwa, bila watu kujua. Alikuwa sahihi kabisa. Sijui kama kuna hotuba nyingine niliyowahi kuikubali hivyo na kumkasirikia mzungumzaji hivyo kwa wakati mmoja.

Nina sababu ya hasira hiyo, nayo haihusu sanaa sana.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliiona Star Wars Nairobi mwishoni mwa miaka ya sabini. Alikuwa amekwenda kujifunza ufundi wa magari, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka 1977, akakaa huko muda mrefu kuliko alivyopanga. Aliporudi Arusha hakuleta mali ya maana, alileta hadithi. Tulipokuwa tukienda kwake likizo kutoka Dar, tukio la baa alitusimulia kwa vitendo. Kijiko kilikuwa bastola, chini ya meza. Mkono wa kushoto ulibaki juu, ukikwangua ukuta kivivu kana kwamba mwenye mkono anawaza mambo yake. Siri yote, alikuwa akisema, ipo kwenye mkono wa kushoto. Adui anautazama huo.

Miaka ikapita. Mjomba alikwishastaafu, na alikuwa ameanza kusahau: majina ya wajukuu kwanza, kisha njia ya kutoka stendi. Likizo moja tulipata diski ya mtaani, zile zenye filamu kumi na mbili ndani ya moja, na Star Wars ilikuwamo. Tukakaa sebuleni kwake. Tukio la baa lilipokaribia aliinua mkono tunyamaze. Greedo akapiga.

"Hapana," mjomba akasema. "Huyu hakupiga."

Mwanawe, ambaye wiki ile alikuwa amekwenda kumtafuta stendi mara mbili, alimjibu kwa upole, "Baba, umechanganya na nyingine."

Tukarudisha nyuma. Greedo akapiga tena. Mjomba hakubishana, na kutobishana hakukuwa tabia yake. Tulipokuwa tunakula alimgeukia shangazi, akamuuliza kama ni kweli yeye aliwahi kuishi Nairobi.

Usiku ule sikulala mapema. Niliingia kwenye intaneti na kukuta watu ambao kazi hii wanaifanya kwa mapenzi: shabiki mmoja wa Czech anayeunganisha toleo liitwalo Despecialized Edition, kipande kwa kipande, kutoka kila chanzo anachokipata. Baadaye wengine wakaja na nakala za milimita 35 zilizowahi kuzunguka kwenye sinema, wakizichanganua picha moja baada ya nyingine. Kisheria kazi yao haina pa kusimama. Mimi nawashukuru. Mwezi Juni 2025 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilifungua tamasha lake London kwa kuonyesha nakala ya 1977 yenyewe, na nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria fundi magari mmoja wa Arusha.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea mjomba tukio la baa kwenye kompyuta. Akautazama mkono wa kushoto. Akasema turudie. Tulirudia mara nne. Kisha akamwita mwanawe kutoka uani, kwa jina lake sahihi, akamwambia, "Njoo uone."

Ugonjwa uliendelea kama unavyokwenda. Miaka miwili baadaye hakunijua mimi wala filamu. Ila siku ile sebuleni yeye ndiye aliyekumbuka, diski ndiyo iliyosahau.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Blade Runner ilipotoka mwaka 1982, wakubwa wa studio waliogopa kwamba watazamaji hawataelewa, wakamtaka Harrison Ford asome maelezo juu ya picha, na mwisho wakabandika safari ya furaha milimani kwa picha za angani zilizobaki Stanley Kubrick alipotengeneza The Shining. Toleo la 1992 liliondoa maelezo na ile safari. Mwaka 2007 Ridley Scott akatoa alilosema ndilo la mwisho. Lakini mwaka huohuo likauzwa sanduku lenye matoleo matano, hata lile la majaribio, hata lile ambalo Scott hakulipenda. Unachagua mwenyewe. Steven Spielberg naye, mwaka 2002, alifuta bunduki mikononi mwa maofisa katika E.T. na kuwapa redio za mawasiliano. Baadaye akasema hadharani kwamba hakupaswa kuigusa, na diski za mwaka 2012 zikatoka na bunduki zake. Star Trek ya miaka ya sitini ilitengenezewa vyombo vya anga vipya kwa kompyuta, na kwenye diski za Blu-ray kikawekwa kitufe cha kurudi kwenye vile vya zamani. Kitufe kimoja tu.

Msomaji aliyelelewa kwa hadithi za bibi anaweza kunibishia hapa. Sungura wa bibi yangu alibadilika kila usiku, leo anamdanganya fisi, kesho simba, na hatukumdai bibi toleo asilia. Kweli. Lakini bibi alipobadilisha, hadithi ya jana tulibaki nayo. Tuliweza kumwambia, "Bibi, jana hukusema hivyo," naye akacheka, au akatufukuza tukalale. Hakuingia vichwani mwetu kuitoa.

Na zaidi ya bibi, kulikuwa na kibanda. Filamu nyingi za sayansi ya kubuni nilizikuta Temeke, kwenye mabenchi ya mbao, zikiwa zimetafsiriwa. Terminator niliyoijua mimi ilikuwa na sauti ya mtafsiri kutoka mwanzo hadi mwisho. Alimfanya Sarah Connor mkazi wa Tandika. Roboti, ambaye kwa Kiingereza hasemi sana, kwa Kiswahili alikuwa na maneno mengi na madeni ya watu. Polisi walidai hela ya chai. Hapo ndipo sauti ya juu ya picha ilipofanya kazi ambayo Harrison Ford, kwa uchovu ule wa sauti yake, hakuiweza. Ilikuwa filamu iliyobadilishwa kuliko chochote alichofanya Lucas, lakini haikumficha mtu kitu: chini ya sauti ya mtafsiri Kiingereza kilisikika muda wote. Aliyetaka kutega sikio alitega.

Mikanda ile sasa haipatikani. Ilirekodiwa mpira juu yake, ikaliwa na vumbi, deki zikafa.

BBC walifanya hivyohivyo kwa ukubwa zaidi. Miaka ya sitini na sabini walifuta kanda za Doctor Who ili wazitumie tena, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani mtu atataka kuviona vipindi hivyo mara ya pili. Kilichookoa baadhi ni nakala za filamu za milimita 16 zilizouzwa kwa vituo vya televisheni vya nje, vya Afrika vikiwamo. Mwezi Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya miaka ya 1967 na 1968 vimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, vilikokaa miongo kadhaa kwenye makopo yake. Napenda kuwawazia wafanyakazi waliokuwa wakilipita kabati lile kila siku.

Sehemu ya tatu ya The Web of Fear haikurudi na wenzake. Sauti yake ipo, maana kuna watoto wa Kiingereza waliokuwa wakiinua kinasa sauti mbele ya runinga nyumbani, na kwa vipindi vyote vilivyopotea sauti imebaki hivyo. Wao wana sauti bila picha. Mimi Terminator ninayo, picha safi kabisa, na ninaweza kuitazama leo usiku. Sauti ya mtu wa Tandika ndiyo sina.

Nimeanza kuwauliza waliokuwa wakikodisha mikanda, Temeke kwanza, kisha Magomeni. Wengi wanacheka. Mzee mmoja anasema lipo boksi darini ambalo hajalifungua tangu ahamie nyumba ile, ila ngazi ameiazimisha kwa shemeji yake, na shemeji yuko Mtwara hadi mwezi ujao.