Chura wa Manyunyu



Mwezi uliopita nilifika maporomoko ya Lofoi, katika Hifadhi ya Kundelungu, pamoja na watoto wa dada yangu. Kutoka Lubumbashi ni vumbi na mgongo kuuma. Mwenye mimba asijaribu. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300, na mengine yanageuka ukungu kabla ya kufika chini. Vitambaa vyetu vya kichwa vililowa. Mdogo wao hakutazama maji hata kidogo. Alipekua majani akitafuta vyura. “Mama mdogo, huku hakuna?”

Nikamsimulia Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania. Mwaka 1996 wataalamu walikuta huko chura wa manjano asiyefikia urefu wa kidole gumba, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, si pengine duniani. Hatagi mayai majini: anazaa watoto hai, kama sisi.

Lakini bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa. Kufika mwaka 2000 maji mengi yalikwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Wakawekewa mabomba ya kunyunyizia maji, wakaongezeka, na mwaka 2003 walihesabiwa kwa maelfu. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wamekwisha. Ilionekana kuvu ya ngozi, ile iliyoua vyura wa milima ya Australia na Amerika. Wengine walishuku dawa za mashambani zilizokuwa katika tope la bwawa. Mimi nawaza mtoto aliyekosa chakula, kisha surua ikampata. Utasema amekufa kwa nini?

Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Bahati, vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani, wakazaana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2012 uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi.

Tusidanganyane: sisi tunaowasha mbabula umeme ukikatika, tukiulizwa balbu au chura, tutajibu haraka. Na umeme wetu pia unatoka kwenye maporomoko. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ni ya tangu 1930. Ila kule Kihansi, baadaye maji kiasi yaliachwa yapite, na mitambo bado inazunguka. Kwa nini hawakuanza hivyo?

Jioni, karibu na gari, mtoto alimpata mmoja, wa kahawia, wa kawaida tu. Nilimwambia asimguse. Akachuchumaa mbele yake mpaka dereva akapiga honi.