Binti Yetu na Ngano

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), leo nataka kuzungumza nanyi, hasa akina mama, juu ya jambo ambalo sijapata kulitolea darsa: unga wa ngano. Nimemtaka ruhusa binti yangu kabla ya kuandika, naye amekubali kwa sharti nisimtaje jina.

Hapa kwetu Mishomoroni, watu hawajatoka msikitini alfajiri ila harufu ya mahamri imekwisha kutanda vichochoroni. Mgeni akija, chapati. Harusi, sambusa na visheti. Ramadhani, kaimati na tambi. Hata matangani waliokaa huletewa mkate na chai. Basi mwambie mtu kwamba nyumbani mwako yuko ambaye ngano kwake ni madhara. Atakutazama kama uliyemwambia maji hayanyweki.

Miaka mitatu mtoto aliumwa na tumbo, akiharisha, akikonda, na damu ikimpungua. Alipewa dawa za minyoo, za amiba, za homa ya matumbo, na vidonge vya damu visivyoongeza kitu. Jamaa wakaniambia, "Sheikh, huyu ana kijicho, msomee." Nilimsomea na ningali nikimsomea, kwani Qur'ani ni shifaa. Lakini Mtume (s.a.w.) alituamrisha pia kujitibu, na kisomo hakimzuii mtu kwenda kwa tabibu. Tabibu mmoja, Allah amlipe kheri, ndiye aliyeagiza damu ipimwe kwa ajili ya maradhi yaitwayo seliaki, kisha utumbo ukatazamwa kwa mpira mwembamba wenye kamera. Ikawa ndiyo.

Katika ngano, shayiri na rai mna kitu kiitwacho gluteni. Ndicho kile kinachoufanya unga wa chapati uvutike. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili hukiona kitu hicho kuwa adui, nayo katika vita vyake huuharibu utumbo wenyewe, hata chakula kikawa kinapita bila ya kumnufaisha. Hakuna kidonge cha kuyaondoa maradhi haya. Dawa ni kuacha, na kuacha ni kwa maisha. Nami nawausia wazazi wenzangu: mkishuku, msimkatize mtoto ngano kabla ya kupimwa, kwani akishaacha kuila kipimo huweza kusema hana kitu naye anacho.

Msidhani ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba aliyegundua kosa ni la ngano ni tabibu wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Njaa ya vita ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, ilimthibitishia aliyokuwa akiyashuku. Lakini miongoni mwa watu wanaojulikana kuwa nayo kwa wingi kabisa ni ndugu zetu Waislamu wa Sahara Magharibi. Utafiti uliochapishwa 1999 uliwakuta nayo watoto kati ya 5 na 6 katika kila 100, ilhali kwingi duniani hukisiwa mtu 1 katika 100.

Kujizuia chakula kwa ajili ya afya hakupunguzi imani ya mtu. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali, akiwa ndio kwanza anainuka kitandani, alianza kula tende nyumbani kwa Ummul Mundhir, na Mtume (s.a.w.) akamzuia kwa kuwa bado ni dhaifu. Bibi yule akapika mboga na shayiri, ndipo akaambiwa ale hiyo. Kwa binti yangu, hata shayiri hiyo haifai. Mama mmoja mwema alimletea talbina kwa nia ya Sunna, ikabidi tumshukuru na kumweleza. Alichozuiwa Ali kilikuwa halali na kizuri. Kilichoangaliwa ni hali ya mgonjwa.

Jikoni mke wangu ndiye sheikh. Kwa bahati vyakula vingi vya wazee wetu havina ngano: vitumbua, vibibi, mkate wa sinia, mofa ya mtama, muhogo wa nazi, mbaazi. Futari yetu haikupungukiwa na kitu. Taabu iko kwenye vilivyofichika. Kuna wauzaji wanaotia ngano kidogo katika vitumbua ili vishikane. Bajia za dengu hukaangwa katika mafuta yale yale ya sambusa. Kinu husaga ngano, kisha mtama wako. Mwiko ulio na unga wa chapati watosha kumlaza kitandani. Kwa hiyo ana karai lake, chungio lake na ubao wake, na mtama hununuliwa Kongowea ukasagwa nyumbani.

Mwaka jana ikaja posa. Shangazi zake wakasema, "Nyamazeni mpaka nikaha ipite, wasije wakasema tunawapa mgonjwa." Nilikataa. Fatima binti Qays alipomtaka Mtume (s.a.w.) shauri juu ya waliomposa, aliambiwa waziwazi aibu ya kila mmoja. Ikiwa mwanamume huelezwa, na mwanamke pia aelezwe alivyo. Nilimwita kijana na mama yake, nikasema yote: kwamba asipotunzwa mifupa hudhoofika na hata mimba huweza kuharibika, na kwamba akitunzwa hana tofauti na mwanamke mwengine. Pia kwamba maradhi haya huenda kwa damu, na watoto watafaa kupimwa.

Mama yule hakusema neno. Aliaga, zikapita siku tisa. Binti yangu alifunga Jumatatu na Alhamisi, wala hakuniuliza kitu; nami, kwa kusema kweli, usingizi ulinipaa.

Siku ya kumi mama yule alirudi, akapita moja kwa moja hadi jikoni kwa mke wangu.

"Dada, karai langu la zamani nikilisugua vizuri litafaa, au ninunue jipya?"

"Nunua jipya, dada," mke wangu akamjibu. "Na mwiko."