Mgeni Siku ya Tatu

Likizo ni nusu ya elimu kwa mtu ajuaye kuitumia. Somo moja kubwa la ujana wangu sikulipata darasani. Nililipata shambani, jembe mkononi, matope miguuni na aibu usoni.

Ulikuwa mwezi wa Aprili, wakati wa mvua ndefu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na rafiki niliyesoma naye alinialika kwao katika vilima vya Iveti, karibu na mji wa Machakos. Tulifikia nyumbani kwa nyanya yake, ambaye Wakamba humwita Susu. Tuliazimia kutembea kwa miguu pasipo haraka, kijiji hata kijiji, kama watu wasiodaiwa na saa.

Siku ya kwanza tulitembea mjini. Machakos ni mji wenye historia ya heshima. Jina lake limetokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba wa zamani, na Waingereza walikuwa na makao ya utawala hapo kabla Nairobi haijawa mji. Lakini reli ilipita mbali nao, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya utawala yakaifuata. Mji ukabaki na vilima vyake, wala sikuona kwamba umepata hasara.

Siku ya pili tulikwenda Kyamwilu, mahali panaposifiwa kwa ajabu yake. Rafiki yangu alimwaga maji barabarani, nami nikayaona kwa macho yangu yakipanda mlima! Nilistaajabu, naye akacheka. Alinieleza kwamba maji hayapandi. Umbo la nchi ndilo linalolidanganya jicho, likaona mteremko kuwa mwinuko. Nilicheka pia, nisijue kwamba siku ile ile macho yangu yangenidanganya mara ya pili.

Wakati wa kurudi tulishuka katikati ya mashamba. Msomaji wangu, kama hujaviona vilima vile baada ya mvua, fikiri ngazi kubwa za kijani kutoka kileleni hata bondeni. Kila ngazi ni kipande cha shamba, chenye mahindi, maharagwe na mbaazi. Na kila ukingo ni tuta lililopandwa majani ya ng'ombe. Rafiki yangu alifuata njia iliyozunguka. Mimi, kwa uvivu, nilikata katikati. Tuta moja lilikuwa bichi kwa mvua. Nilipolikanyaga likamomonyoka, likaacha pengo la upana wa hatua moja. Nililitazama nikasema moyoni, "Ni udongo tu."

Usiku ule mvua ilinyesha kwa nguvu. Asubuhi tuliamshwa na sauti ya Susu. Maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta yalikuwa yameliona lile pengo, yakatoka kwa kishindo, yakavunja tuta la pili na la tatu. Mahindi yaliyofika magotini yalikuwa yamelala katika tope, na maharagwe yamechukuliwa. Susu alikuwa akimkemea mjukuu wake mdogo, mchunga ndama, akidhani kwamba mnyama wake ndiye aliyepita pale. Mtoto alilia na kukana, wala hakuna aliyemsadiki.

Nilisimama kimya kitambo. Hakuna aliyeniona, na mgeni hashukiwi. Lakini machozi ya mtoto yule yalinichoma kuliko kiboko. Nikasema, "Susu, mtoto hana kosa. Ni mimi niliyepita juu ya tuta jana."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, leo ni siku yako ya ngapi hapa?"

"Ya tatu, Susu."

"Basi nyinyi watu wa pwani mnajua methali yenu," akasema, akanipa jembe.

Majirani walikuja, wengi wao wanawake, kwa desturi yao ya kusaidiana iitwayo mwethya. Walinifundisha kuchimba mfereji kwa kufuata usawa wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu; kwa hiyo matuta hayo huitwa "fanya juu". Maji husimama, udongo hutulia nyuma ya tuta, na mwaka baada ya mwaka mteremko hugeuka kuwa ngazi. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, na hapo ndipo nilipoujua uzito wa neno "udongo".

Wakati wa kupumzika walinisimulia habari za wazee wao. Katika miaka ya 1930 nchi hiyo ilikuwa imechakaa, mvua ikichukua ardhi mpaka mwamba ukaonekana. Serikali ya kikoloni ililaumu wingi wa ng'ombe, ikawachukua kwa nguvu. Na mwaka 1938 Wakamba walikwenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, wakayachukia. Lakini baada ya uhuru wa 1963 waliendelea kuyachimba kwa hiari yao. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko wa ardhi ukapungua. Kazi iliyochukiwa chini ya amri ilipendwa ilipokuwa mali ya mwenye shamba.

Nimesoma habari za Uholanzi, nchi ambayo kama robo yake iko chini ya usawa wa bahari. Vijiji vyake vimepakana na mifereji, na watu huenda kuvitazama kwa starehe wakati wa machipuko. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja kuta zao, na watu zaidi ya 1,800 wakafa. Wao huyafukuza maji, na Wakamba huyazuia yasiondoke. Lakini sheria yao ni moja: pengo la mmoja ni hasara ya wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jioni tuta lilikuwa limesimama. Yule mtoto mchunga ndama aliniletea bakuli la muthokoi, akaketi karibu nami tukala pamoja. Siku zilizobaki nilitembea vilima vingi, lakini kila nilipofika kwenye tuta, nilizunguka.